Kijani cha Wanorwe

Jumanne, 5 Aprili 1938

Nassor wangu,

Masika yameanza. Nimo ndani, eda bado haijesha. Ndugu yako Ngwali alisimama nje ya mlango akasema miche yako ya mikarafuu imekufa kwa kiangazi, vimebaki vijiti. Jumamosi ataving'oa apande muhogo. Nikamwomba angoje. "Ningoje nini, shemeji? Vizae fimbo?" Nilicheka — mara ya kwanza tangu uondoke duniani.

Jumatano, 6 Aprili

Kutwa nayasema maneno yako ya melini. Yule Mnorwe uliyekuwa ukitia naye makaa, mtoto wa mkulima, kila akichoshwa na bahari huyataja majani ya kwao kwa lugha yao. Gron, kijani chenyewe. Spire, kichipukizi kikitoboa udongo. Lov, majani mapya mti mzima. Na sevye — maji yanayopanda ndani ya mti, nje hujaona kitu. Kwao, ulisema, barafu huiacha miti mitupu miezi mingi, wala hapana anayeing'oa. Hukwaruza gome kwa ukucha, wakiona kijani chini yake hungoja.

Ulinifundisha tukiipanda miche hii. Spire nilikuwa nikiikosea makusudi, ili urudie.

Alhamisi, 7 Aprili

Nilimtuma mama yako, Bi Kazija, akakwaruze. Akarudi akasema kijani. Kijani gani, mama? "Kijani tu. Kwani weye una vijani vingapi?" Kisha akanitolea mche wenyewe kwenye kanga, na mizizi yake. Ameung'oa nipate kuuona! Chini ya gome ulikuwa mbichi, unang'aa. Nimeutia kwenye chungu, sijui kama utashika. Ngwali, barazani: "Basi mmoja ulikuwa hai, na mama kaumaliza."

Jumamosi, 9 Aprili

Ngwali kaja na jembe. Nikasema naye nyuma ya mlango: akwaruze kwanza, mmoja mmoja, chini karibu na udongo. "Haya, niwakune wagonjwa wako." Nikamfundisha sevye. Akalisema kama anayepiga chafya.

Kaenda kwenye miche, nyuma ya nyumba. Jembe silisikii. Natamani kutoka, nami sitoki.

Sasa anamwita mama alete makuti, ipo miche inayotaka kivuli. Mingapi, hakusema. Mama anauliza makuti yako wapi, Ngwali anamwambia afanye haraka —

Huko uliko, Nassor, nikumbuke na miye.