Ngoma Aliyoikosea Tata Ilunga

Elisabethville, Jumamosi, Novemba 1955

Hakuna ngoma moja ya Kihindi. Zipo nyingi, kila moja na nchi yake, na nitalitetea neno hili hata nikibaki peke yangu.

Leo katika cercle yetu, chama chetu cha wasomi, Tata Ilunga, karani wa posta, alituhutubia juu ya harusi aliyoalikwa na mwenye duka Mhindi. Alimsifu mchezaji aliyezunguka kama pia, njuga miguuni, kisha akaiita ngoma ile Bharatanatyam. Nikasimama. Nikasema kwa adabu kwamba mizunguko ile ni ya Kathak, ya kaskazini. Bharatanatyam ni ya Watamil wa kusini, na wachezaji wake hukunja magoti na kukanyaga ardhi.

“Ikala, petit,” akanijibu, akiniashiria nikae kama mtoto. “Weye ulisoma mu bitabu. Miye nilibaona na macho yangu.”

Wakacheka wote, hata Kasongo niliyemfundisha kufunga tai. Mwenyekiti akaifuta hotuba yangu ya mwezi ujao, eti nijifunze heshima kwanza.

Heshima! Tata Ilunga huyuhuyu hufoka ukimwambia kwamba Waluba na Wabemba wanacheza ngoma moja. Kwani Wahindi hawana kwao?

Nilitoka pale moja kwa moja hadi dukani. Mchezaji ni binti, mpwa wa mwenye duka. Mwenyewe amethibitisha kwamba ngoma yake ni Kathak, na Jumamosi ijayo atakuja kuicheza ukumbini kwetu.

Radhi ya faraghani siitaki. Tata Ilunga asimame mbele ya walewale waliocheka, amtazame binti huyo, kisha anijibu kwa sauti: ngoma hii inaitwaje, na kwao ni wapi?