Hema Ulilotutumia

Isevya,
S.L.P. 1184,
Tabora.
Jumatatu, 14 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdulatifu,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo huko Maskati? Joto limewafikisha wapi, na kile kifua chako kimepona? Sisi huku tunaendelea na baridi yetu ya kipupwe. Mama anakunywa uji wake vizuri, ila mkono wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi. Mimi ni mzima wa kusimama tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikianza kusema nimechoka, unaniambia pole dada, kisha mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Nimempa Mwanajuma, jirani yetu, anayekuja huko Alhamisi kwa mwanawe.

Hema la kulalia juu ya gari lilifika salama, na ngazi yake, na tunashukuru. Shemeji yako Majidi alishinda gereji siku nzima akilifunga juu ya kigari chetu. Lilipokaa pale, gari likawa kama punda aliyetwishwa kabati. Majirani walitoka kutazama, na mmoja akauliza kama tunahama.

Ulisema niende nikapumzike siku mbili, nisiwaze nyumba. Basi Ijumaa baada ya sala tulimwacha Mama na binti yangu Shamila, tukaelekea Usoke, upande ule ule wa magharibi walikopita wapagazi wa zamani. Majidi ana rafiki huko, Leodgar, mkulima wa tumbaku. Tukaona tusimsumbue. Tuliegesha kando ya shamba lake, tukafungua hema, tukateremsha ngazi.

Hapo ndipo tulipokosea. Mtu mzima na mkewe wanalala juu ya gari, hatua chache kutoka nyumbani kwa rafiki, hodi hawajapiga, watu wataelewa nini? Jua halijazama, akaja Agnetha, mke wa Leodgar, na maji ya kuoga, mkeka, na kuku mkononi. Akanivuta pembeni, akauliza polepole, "Dada, kwani mmefukuzwa mjini?" Nikamwambia tumekuja kupumzika. Akalitazama hema, akanitazama mimi. "Mtu anapumzikaje kwa kupanda ngazi?" Kuku tulimla, lakini kulala kwao tulikataa, na Leodgar akanuna.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua Mama hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda. Miaka minne imepita, mwili wangu hauhitaji tena kuamshwa. Mle hemani nilimgeuza Majidi ubavu mara tatu, nikamwekea na mto mgongoni, bila mimi mwenyewe kuamka sawasawa, na kigari chote kinayumba. Asubuhi akasema tangu tuoane hajapata kuuguzwa vile. Tulicheka sana, kisha mimi nikaangua kilio na sikuweza kujizuia.

Agnetha alinikuta hivyo. Alinishika mkono, akaniingiza chumbani kwake, akafunga dirisha, akakaa mlangoni akifunga mafungu ya tumbaku. Nililala tangu asubuhi mpaka alasiri. Kuna wakati nilizinduka nikataka kwenda kumgeuza Mama, akasema, "Shamila amepiga simu. Ameshamgeuza. Wewe lala." Abdulatifu, sijalala usingizi kama ule tangu Mama alipoanguka.

Jana tumerudi. Shamila amejitahidi, lakini mwezi ujao anakwenda chuoni Mwanza, nami nitabaki peke yangu. Asubuhi kiuno hakinyooki. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namwinua Mama, akaniponyoka. Aliangukia godoro, Mungu alisaidia. Sikukwambia kwa aibu. Naogopa ipo siku ataangukia sakafu.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akitusimulia habari za baba yake, enzi za upagazi? Pembe kubwa ya ndovu haikubebwa na mtu mmoja. Ilifungwa kwenye mti, mmoja akatangulia, mwingine akashika nyuma. Na Mama ametuzaa wawili.

Siulaumu moyo wako. Kiti cha magurudumu, mashuka, na sasa hema, vyote umetuma kwa mapenzi. Safari hii usitume kitu. Omba likizo ya mwezi mmoja, uje na mikono yako. Nitakufundisha kumgeuza. Si kazi ngumu, ni kazi isiyokwisha tu.

Nimemkataza Majidi kulishusha hema. Gari liko uani. Siku utakayofika, utakula, utaoga, kisha utaingia chumbani kwa Mama, nami nitapanda ile ngazi nikalale hapo hapo nyumbani, nikikusikia unavyohangaika chini.

Majidi anakusalimu, na Shamila anamwamkia mjomba wake. Nisalimie wifi yangu Hafsa na watoto, uwabusu kila mmoja. Mama hatamki sawasawa, lakini jina lako halijampotea. Kila ninapomgeuza huniita Abdulatifu, akidhani mikono hii ni yako. Nimeacha kumsahihisha.

Mungu akuepushe na mabaya ya ugenini, akufungulie njia ya kurudi.

Dada yako akupendaye,
Siwema