Mashine Chini ya Shuka

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu Mama Pacha,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wanangu pacha hamjambo, na kaka yako aliyewapokea hajambo. Huku tuko salama, ila Mama miguu inamsumbua, na mimi kifua kilinibana wiki iliyopita. Sasa nafuu.

Ulisema nisikupigie simu, niandike. Haya, naandika, ingawa mara ya mwisho kuandika kitu kirefu mwalimu alinirudishia karatasi akacheka.

Wifi, nimelifungua duka la marehemu kaka. Usinune. Mashine zikikaa bure ni hasara ya ukoo mzima, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Nimepata kazi kubwa. Ile shule aliyokuwa akiifanyia kaka kila mwaka inataka vikombe vya wanafunzi wanaomaliza, kila kikombe na sura ya mtoto na jina lake. Nikawasha printa, nikachapa picha moja ya kujaribia. Wifi, imetoka kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa miaka kumi! Nyekundu imekuwa tofali, nyeusi imekuwa majivu. Mtoto wa watu anaonekana kama anaumwa. Nadhani wino umeoza. Niumwage? Ninunue upi? Au printa yenyewe imezeeka, na kama ni hivyo nitafute ipi? Kwenye maduka ya kompyuta wananiuliza maswali nisiyoyaelewa, nabaki kutabasamu kama bibi harusi.

Najua tuliachana vibaya. Lakini damu nzito kuliko maji. Nijibu haraka.

Wifi yako, Shangazi wa pacha


Tarehe 27 Februari

Wifi, Shangazi wa pacha,

Barua yako niliipata. Pole ya kifua, na Mama mpe pole ya miguu. Sisi hatujambo. Tunalala watatu kitanda kimoja, kwa hiyo baridi hatuijui.

Unasema nilikuwa nimeshaondoka. Niliondoka kwa sababu kitanda kilitangulia. Ulikuja na gari la mizigo nikiwa bado kwenye nguo za msiba, ukasema vitu ni vya ukoo na mimi ni mpita njia. Ukachukua printa, mashine ya joto ya kubania vikombe, maboksi ya vikombe, hata mkasi. Kwenye simu ulisema utarudisha nusu. Wiki iliyofuata ukasema hukusema. Ndiyo maana nataka maandishi. Na hiyo damu unayoitaja, siku ile uliniambia mimi si damu yenu.

Sasa wino. Usiumwage. Wino wa printa za ofisini na wino wetu wa joto ukiwa chupani huwezi kuutofautisha, lakini wa ofisini ukiupiga kwenye kikombe unaondoka na maji ya kwanza, sura na jina vyote. Ukitia mmoja juu ya mwingine itagandana ndani ya kichwa cha printa, na hapo umekiua. Kwa hiyo usinunue kitu kwa kubahatisha. Ngoja niwaulize wauzaji wa huku ni wino upi unaoaminika siku hizi, maana aina zimekuwa nyingi na za bandia ni nyingi zaidi. Mpaka nikuandikie, izime, ifunike, usiiguse.

Wifi yako, Mama Pacha


Tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, Mama anakusalimu. Kifua kimeniachia.

Nimefanya ulivyosema. Printa nimeizima na kuifunika shuka la maua, imelala pale kama maiti ya tajiri. Wateja wakiuliza nawaambia iko likizo. Mkuu wa shule anataka kuona kikombe kimoja cha mfano kabla ya kututhibitishia kazi. Nimemwambia mtaalamu wangu bado anafanya utafiti. Mtaalamu ndiye wewe, ujue umepandishwa cheo.

Mambo ya gari la mizigo tuyaache, wifi. Nilikuwa na uchungu, kaka alikuwa mmoja tu. Ningekuwa mwizi ningekuandikia? Mwizi haji kuuliza wino.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata Mama. Mimi nimeachwa na waume wawili na mtoto sina. Hili duka ndilo mahali pa kwanza ambapo watu wakiingia wanaanza kunisalimu mimi. Nikikosa kazi ya shule, mwenye nyumba atampa muuza viatu chumba hiki. Huyo muuza viatu kishakuja mara mbili kupima ukuta kwa hatua, kiatu mbele ya kiatu, huku ananitazama.

Nielezee na printa. Ya tangi au ya katriji? Kuna kijana wa dukani ameniapia kwamba zote ni sawa.

Fanya haraka, nakuomba.

Wifi yako, Shangazi wa pacha


Tarehe 5 Aprili

Wifi, Shangazi wa pacha,

Natumaini hujambo na Mama anatembea. Sisi hatujambo. Kulwa aliumwa masikio, amepona.

Nimezunguka kwa wauzaji. Kijana wako wa dukani mwogope. Kuna printa zinazochemsha wino ndani ya kichwa ili ziurushe kwenye karatasi, na kuna zinazousukuma bila kuuchemsha. Za kwanza hazitufai, kwa sababu wino wetu haupaswi kuona moto kabla ya siku yake. Tafuta inayosukuma. Kisha chukua ya tangi. Katriji unanunua plastiki kila wiki. Tangi unalijaza kwa chupa na unaona kwa macho kilichobaki. Nunua mpya ambayo haijawahi kutiwa wino mwingine. Ya mtumba hata ukipewa bure, ikatae.

Wino nunua wa mtu mmoja rangi zote, usiokote buluu hapa na njano pale. Muulize kama ana faili la rangi la wino huo la kuweka kwenye kompyuta. Asiyekuwa nalo anauza maji ya rangi, na nyeusi yake itakutokea kijani kwenye nywele za watoto. Tikisa chupa kabla ya kumimina. Picha igeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo majina yatasomeka kinyume. Vikombe viwe vile vyenye utando maalumu. Kikombe cha kawaida hakishiki kitu.

Jambo la mwisho. Wino huu ukitulia hutuama kama matope. Printa ya kazi hii lazima ichape japo ukurasa mmoja kila baada ya siku chache. Ikikaa wiki kwa wiki, matundu ya kichwa huziba na wakati mwingine hayazibuki tena.

Sasa unaweza kuiwasha.

Wifi yako, Mama Pacha


Tarehe 12 Aprili

Mama Pacha,

Hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Nimeiwasha. Imetoa mistari mitupu kama daftari la shule. Fundi wa kompyuta ameosha kichwa mpaka vidole vikawa buluu, mwisho akasema, "Dada, huyu kafa zamani, wewe ulikuwa unamfunika tu." Kubadilisha kichwa ni sawa na kununua printa nyingine.

Nimezitandaza barua zako mbili mezani. Moja inasema usiiguse. Nyingine inasema isipoguswa inakufa. Mimi shule sikufika mbali, lakini hapa sihitaji mwalimu. Uliyajua haya tangu Februari?

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kumwomba muda. Mezani kwake kulikuwa na kikombe, sura ya msichana na jina lake. Nyekundu ni nyekundu. Meno meupe hadi nikaona pengo. Akasema kazi ameshampa aliyekileta. Nikamuuliza nani, akasema, "Mtu anayeifahamu kazi." Nikatoka bila kuaga.

Kikombe kile ni cha nani?

Shangazi wa pacha


Tarehe 20 Aprili

Wifi,

Sisi wazima. Kikombe ni changu.

Na wino wako haukuwa na kosa. Wino wa joto ukiwa kwenye karatasi hutoka umepauka hivyo siku zote, hata ukiwa mpya, hata printa iwe mpya. Ni joto linaloamsha rangi. Ungeizungusha ile karatasi kwenye kikombe, ukakibana kwenye mashine dakika chache, ungemwona mtoto wa watu mzima anakucheka. Ni sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni siku nilipofungua barua yako ya kwanza, nimesimama mlangoni kwa kaka yangu, mke wake ananiuliza lini nitapata pangu. Nikaimeza.

Kila nilichokuandikia ni kweli. Tafuta uongo humo, hutauona. Nilichelewa tu. Ulipokuwa unangoja, niliuza cherehani yangu nikanunua printa ile ile niliyokueleza, na wino ule ule. Kisha nikapanda basi nikaja huko. Nilipita mbele ya duka. Ulikuwa umekaa mlangoni unajipepea na kipande cha boksi, na nyuma yako niliona shuka la maua. Sikukusalimu. Nilirudi nyumbani nimeshiba bila kula.

Sasa nataka mashine ya joto. Fundi wa kuchapa kofia aliyeniazima yake anahama mwisho wa mwezi, na vikombe vya shule havijafika nusu. Huku hakuna mwingine mwenye nayo. Nakuambia hili kwa sababu sijakudanganya hadi sasa na sitaanza leo. Nisipovimaliza, kazi inapotea na mimi narudi kuhesabiwa matonge kwenye sahani ya wifi mwingine. Kwako wewe bila printa, ile ni chuma cha kukalia. Mpe dereva wa basi la asubuhi.

Mama Pacha


Tarehe 9 Mei

Wifi, Shangazi wa pacha,

Natumaini hujambo, na kifua hakijarudi. Mama naye nimemsikia kwa watu kwamba anatembea na fimbo. Sisi hatujambo.

Mashine ya joto ilifika. Dereva alisema ulikuja nayo mwenyewe kituoni, ukaipakia mwenyewe, ukamkataza asiweke mzigo juu yake. Barua hakuwa nayo. Nilikunjua magazeti uliyoifungia, karatasi moja moja, nikayatikisa.

Siku ile sikuiwasha. Nilijua umeifanyia kitu, kwa sababu mimi ningeifanyia. Nilimwita fundi umeme akafungua plagi, akafuata waya mpaka mwisho, akapima joto mara mbili. Mimi nilipapasa lile koti linalokumbatia kikombe, nikitafuta palipochanwa. Fundi akasema, "Mama, unatafuta nini? Hii imetunzwa kuliko mtoto." Nikamlipa akaondoka. Pacha nikawatoa nje, nikaweka kikombe chenye ufa, nikasimama mbali, kitasa cha mlango mkononi. Kengele ya mashine ikalia. Nikaifungua. Picha ilikuwa safi.

Umeifuta hadi kwenye mpini. Skrubu iliyokuwa ikilegea imekazwa.

Vikombe viliisha, shule imevipokea, na mkuu ameniahidi kazi ya mwakani. Nimepanga chumba. Kwenye duka, nasikia sasa kuna muuza viatu. Yote niliyoyataka nimeyapata, na nikiikamata ile mashine asubuhi mkono unasita, kana kwamba bado iko barabarani inakuja.

Andika, wifi. Hata matusi, andika. Ungekata japo waya mmoja, leo tungekuwa tumelipana.

Wifi yako,
Mama Pacha