CD Iliyoandikwa "Hii Tosha"

Kolwezi, Jumatatu asubuhi

Tata wangu mpenzi,

Jambo yako. Mgongo unasemaje siku hizi za baridi? Na yule mbuzi wa jirani, bado anaingia kanisani bila kubatizwa? Mimi mwanao Feza ni mzima, ila kifua kinalalamika kwa vumbi la malori, na moyo unalalamika kwa jambo nitakaloandika hapa. Keti kwanza.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Numbi pamoja na ile flashi ya kuchomeka kwenye televisheni. Nakuomba uisome kabla hujaichomeka, na kabla hujawaita wanakwaya. Najua umeshawaalika. Yaya Banza, mwanao mkubwa, alikupigia akasema CD zote zimeingia kwenye flashi, nawe kwa furaha ukaweka simu sauti ya nje hadi parokia nzima ikasikia. Ndiyo maana mimi sikupiga. Habari hii si ya parokia.

Tata, Mama hayumo.

Ulipotuma katoni ya CD, baada ya ile mashine yako ya DVD kufa, nilimwomba Yaya aniachie mimi kazi ya kuzihamishia kwenye flashi. Nilijua kilichomo: ubatizo wetu, harusi yake yeye, na jubilei yenu ya ndoa, siku Mama alipopewa maikrofoni akaimba hadi padri akasahau baraka. Nilijua pia kwamba ya jubilei ndiyo unayoitaka, zile nyingine ni za kuwafurahisha wageni. Yaya alicheka mbele ya mke wake.

"We Feza, mupishi ya bashofa, unajua nini mu mambo ya ordinatere? Wacha batu ba kazi bafanye kazi."

Kweli, kompyuta siijui, mimi napikia madereva kando ya barabara ya Mashamba. Kusonga bukari na kukaanga samaki, kutwa kucha, na sahani yangu ya kwanza ni vumbi. Yeye ni mnunuzi wa madini, ana televisheni pana kuliko mlango wa kwangu. Nikamwachia. Mwenye nguvu mpishe. Akapeleka katoni kwa fundi Papy, mwenye studio ya picha za harusi, akaiacha hapo kama mtu anayeacha nguo kwa dobi, asiseme hata neno moja juu ya nini ni nini.

Flashi iliporudi, Yaya hakuifungua. Nasisitiza hilo, Tata. Ana ile televisheni pana, umeme wake haukatiki kwa sababu ana jenereta, na hakuwa na nafasi ya kumtazama mama yake. Alinipa tu: "Mupatie Mama Numbi, anarudia Kongolo kwa Tata." Mimi ndiye niliyesubiri umeme mtaani kwetu. Nzilo iko hapo karibu, bwawa zima la umeme, lakini nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, sisi zinatuachia kivuli. Umeme uliporudi, nilikwenda kwa jirani mwenye televisheni. Nikamwona Yaya akioa. Nikajiona nikibatizwa, nalia kama ninayejua yatakayonipata. Chini ya kila picha fundi amepitisha namba yake ya simu, hata juu ya uso wa padri. Nikatafuta jubilei. Nikabonyeza rimoti mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilikwenda studio na aproni yangu. Papy si mtu mbaya. Alinisikiliza, akachukua bahasha ya CD ya jubilei, tupu, iliyobaki kwake, akaniwekea mbele.

"Mama, mbele ya kunigombeza, soma we mwenyewe. Baliandika nini hapa?"

Ulikuwa mwandiko wako, Tata, herufi kubwa za ubao wa katekisimu: HII TOSHA.

"Basi mi nilitosha," akasema. "Kama baliandika tia, mi ningetia. Nilizania iko na mambo ya kilio, batu hawapendi kuiona tena. Bengi banaletaka bile."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Unakumbuka kisa cha chumvi, kile alichokisimulia Mama kila Noeli alipokuwa hai? Ulipomwoa hapa Kolwezi, ukaonja mchuzi wake wa kwanza ukasema kwa Kiswahili chako cha misioni, "Chumvi tosha." Wewe ulimsifu kwamba imefika kipimo chake. Yeye, mtoto wa kambi ya wachimbaji, alisikia kama sisi sote tunavyosikia huku: tosha viatu, tosha sufuria motoni, yaani ondoa. Akasimama na mwiko: "Chumvi ilisha kuingia mu muchuzi, Tata. Mi nitaitosha namna gani?" Miaka yote alikufundisha kusema "inaenea" kama watu wengine kitu kikifika kipimo, nawe ukakataa, ukisema Kiswahili cha Kitabu hakina kosa.

Hakina kosa, Tata, nakubali. Uliandika kwamba hii moja ikipatikana, hata nyingine zote zikikosa nafasi, yatosha. Mimi ningeusoma mwandiko huo nikacheka, nikajua papo hapo. Na Yaya pia angejua! Alikula mchuzi ule ule, alikisikia kisa kile kile. Angetupa tu jicho. Hiyo ndiyo inayonichoma. Sina kinyongo na fundi, aliyesoma neno la kwao. Kinyongo changu ni kwa mwana wa Mama ambaye hakusoma kabisa.

Nikauliza CD zenyewe ziko wapi. Papy alisema Yaya alizichukua zote. Nikaenda kwa Yaya. Hakuwepo. Mkewe akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye bustani yake ya mboga za lengalenga, akiwa hana hata wasiwasi. Zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba, zinazunguka na upepo, za kufukuza ndege. "Inasaidia sana," akaniambia. Nikatembea kamba kwa kamba. Ya jubilei ilikuwa mwisho, karibu na shimo la takataka, maneno yale yale, uliyoyarudia juu ya CD yenyewe, bado yako katikati, uso wake wa chini umechubuka kwa vumbi na fito. Niliikata kwa kisu cha mboga. Nililia, sikuficha.

Yaya aliporudi, nilimwonyesha. Alivua miwani.

"Wacha makelele, Feza. Bintu bya zamani bile. Mi nilimununulia Tata televisheni, anataka nini tena? Picha ya Mama iko ku ukuta."

"Ile ya ku ukuta haisemake," nikamwambia.

Alimwita mkewe alete chakula. Sikula kwake, na sijarudi.

Nilirudi kwa Papy. Aliona aibu, akafanya anachoweza. Aliisugua CD kwa dawa ya meno na kitambaa laini, akaijaribu kwenye mashine moja, ikakataa, akaijaribu kwenye nyingine ya zamani, ikakwaruza na kukwama. Wimbo umekwenda, Tata. Baraka zimekwenda, na wewe na suti yako ya kuazima. Kilichotoka ni kipande kifupi tu, baada ya wimbo, watu wanapiga makofi hawataki kuacha. Papy amekitia kwenye flashi, bila namba yake ya simu. Nilimwambia akiweke cha kwanza na akipe jina MAMA kwa herufi kubwa, ili usihangaike na rimoti. Chomeka flashi ubavuni mwa televisheni, bonyeza kitufe cha katikati mara moja.

Umtazame kwanza peke yako. Wanakwaya waambie flashi bado iko njiani. Huo ni uongo wangu, nitauungama mwenyewe.

Wasalimie wote: shangazi anayekuchotea maji, mdogo wangu wa mwisho, na padri kijana anayekusomea magazeti. Yaya hajatuma salamu, nami sitamtungia. Maji ya Lualaba yanayotoka huku Nzilo yanapita Kongolo, chini ya daraja lako. Ukiyaona, jua na mimi nimeyaona.

Nisije nikakushtua, nakuandikia anachosema Mama. Ameinua mkono kuwanyamazisha watu, anakutazama wewe pembeni, anacheka:

"Yatosha, yatosha! Munasikia? Mi nilisha jifunza Kiswahili yake. Ye atasema 'inaenea' siku gani?"

Hapo picha inaganda, mkono wake ukiwa juu. Ni hicho tu, Tata. Mjibu.

Mwanao,
Feza