Chumba cha Watoto Kipakwe Kwanza

Mjukuu wangu Kapinga,

Nakusalimu kutoka Manika, hapa Kolwezi. Tangu babu yako afariki nyumba imekuwa kimya, ila afya ninayo.

Umeniuliza kwa nini tuanze kupaka chumba cha watoto, hali ninaishi peke yangu na uwezo wetu ni mdogo.

Mwaka ule sisi watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Kolwezi, mama yangu alikoroga udongo mweupe na uji wa muhogo ili usibanduke, akapaka chumba tulicholala sisi watoto. Jirani yetu Mama Ilunga, mwenyeji wa Katanga, alimcheka.

"Mama Ngalula, unapakia nani? Kesho muko mu treni."

"Batoto batarudia. Basikute vumbi."

Mama Ilunga akachukua kitambaa, akapaka naye.

Mama hakurudi. Mimi nilirudi baada ya miaka mingi, nikakikuta chumba kingali cheupe. Mama Ilunga, sasa mkongwe, alikuwa akikipaka kila kiangazi, wala hakuruhusu mtu yeyote alale humo.

Sebule tuiache ilivyo. Udongo nimekwisha kuuchota. Uji nitaupika siku utakayofika.

Nkambo wako