Munkoyo Si Chakula

Mama,

Ni mimi, Tereza. Hakuna tena anayeniita hivyo. Tangu Serikali ikataze majina ya ubatizo mimi ni Citoyenne Ngoie, raia Ngoie, kila mahali: sokoni, shuleni ninakofundisha, na sasa hospitalini. Wewe peke yako ulikataa, ukasema Padri hakumwaga maji yale bure. Tangu tukuzike sijalisikia jina hilo, basi nimeliandika mwenyewe angalau nilione.

Nimenenepa tena, Mama. Ulikuwa unaona, ila hukutaka kusema. Kikwembe chako cha kijani, kile shangazi zangu walichonikabidhi siku ya kumaliza matanga, hakinizunguki. Magoti yananiuma nikisimama darasani, sukari imerudi kwenye damu, na kidonda cha mguuni hakitaki kufunga.

Unamkumbuka yule daktari Mbelgiji aliyenipasua ili nipungue, akalibana tumbo kwa pini za chuma likabaki kifuko kidogo? Ulikaa nje na rozari yako, ukimwambia kila nesi aliyepita kwamba mimi ni mwanao wa pekee. Baada ya pale tonge la bukari ya mahindi likawa linanikwama. Nikapungua, nikapungua, mpaka watu wa mtaa wetu wa Katuba wakaanza minong'ono: mumewe hamlishi, ameugua, amerogwa. Ulirudi kutoka misa umevimba kwa hasira. "Bantu banasema mutoto yangu anaisha, na miye mama yake niko nakaa tu?"

Hukukaa. Kila asubuhi ulinijia na kibuyu cha munkoyo: uji wako wa mahindi, mizizi uliyoiponda mwenyewe, umelala hadi ukachangamka, na sukari uliyoipangia foleni. "Kunywa. Hii haiko chakula, iko mayi tu." Mimi nikakubali. Kwetu nani amewahi kusema amekula kama hajashika bukari? Mtu anaweza kumaliza karanga, ndizi na muhogo, bado atakuambia amelala njaa. Daktari alisema bukari kidogo sana, na bukari tulipunguza kweli. Munkoyo ulipita pale tonge liliposhindwa, mtamu, wa baridi. Nilikunywa kutwa nzima, na tulicheka wote wawili kwamba tumemzidi ujanja yule Mbelgiji.

Alikwisha kurudi kwao. Wiki iliyopita daktari wetu mpya, kijana wa hapa hapa, alininywesha dawa nyeupe akanipiga picha ya tumbo. Pini zimeachia upande mmoja, na kifuko kimepanuka. Kisha akaniuliza, "Citoyenne, mu siku unakunywaka nini?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Hakunicheka. Alisema munkoyo ni bukari ya kunywa, na sukari juu yake.

Mama, nilikuchukia pale kwenye kiti. Nakuambia wazi kwa sababu hatukuwahi kufichana. Uko chini ya udongo, na mimi ndiye ninayerudi kwenye kisu! Halafu nikaikumbuka mikono yako kwenye kinu, malengelenge yake, nikalia hadi nesi akafunga mlango.

Anaweza kunipasua tena. Hakunificha: makovu ya kwanza yameshikana ndani, mara ya pili ni ngumu zaidi, na wako wasioamka. Nikiacha, mguu unaweza kukatwa, na moyo wenyewe umechoka. Kabange, mume wangu, kila akitoka kiwandani wimbo wake ni ule ule: "Acha. Bantu banene beko mingi, na banaishi tu." Anaogopa kubaki peke yake na mtoto. Mimi pia naogopa. Naogopa hadi rozari yako inanishinda, naishika tu.

Nilikuwa karibu kumsikiliza. Kisha Jumapili mjukuu wako, uliyempa jina lako, aliniona nimekaa na mguu juu ya kigoda. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe kimejaa mpaka ukingoni, anatembea polepole asimwage. "Mama, kunywa. Haiko chakula, iko mayi tu." Maneno yako, Mama, na hata sauti yako. Jirani alikuwa amemfundisha kuchanganya munkoyo ili pengo lako lisiniume sana.

Nilikipokea, nikakimwaga uani. Akalia sana. Jumatatu nilirudi kwa daktari nikamwambia ndiyo. Kabange hajasema nami tangu siku hiyo, ila jana alinioshea kidonda.

Naingia kesho asubuhi. Nakuaga kama tulivyokuwa tunaagana kwenye kizingiti, bila maneno mengi. Nikiamka, Siku ya Marehemu nitakuja kaburini na mjukuu wako. Nitakumwagia munkoyo wote, kibuyu kizima, na sitalamba hata kidole.

Nisipoamka, Mama, usije kunipokea na kibuyu. Niite tu jina langu.

Mwanao,
Tereza