Sita Mbele, Wawili Nyuma

Kaka yangu Swaleh,

Salamu kutoka Mambrui, popote zitakapokukuta. Barua niliyokuandikia Maskati mwaka jana imerudi bila kufunguliwa. Hii naiacha wazi, aisome yeyote akujuaye, huenda mmoja wao akakutana nawe.

Nakukumbuka umechutama, umepanga kunde juu ya mkeka: sita mbele, mbili katikati, mbili nyuma, na kokwa ya tende peke yake, ndiyo mimi kipa. Mama akasimama mlangoni. "Swaleh, kunde hizo nazipika leo, au zina mechi?" Ulicheka bila kuinua macho. "Tukiupoteza mpira hatukimbilii nyuma," ukatwambia. "Sote sita tunamvamia aliye nao papo hapo, asipate hata kuinua kichwa." Makocha wenzako walikuona una wazimu. Lakini mawinga wako walikaa juu ya mstari wakipiga krosi bila kuchoka, na timu zilizotujia ziliondoka zimefungwa mabao matano, sita. Mimi nikifungwa matatu, hukujali.

Aliyetulindia nyuma alikuwa beki wetu Kazungu. Alitoka kwao Ganze kila wiki, akilala kwa shangazi yake Shella ya Malindi siku za mechi, na uwanja wote mliouacha wazi aliuziba kwa mbio zake.

Siku ya fainali Malindi, na vijana wa Kilifi, tulikwenda mapumziko tukiongoza manne kwa moja. Kazungu akaketi karibu yangu, akashusha soksi. Goti lilikuwa limefura.

"Abdalla, usimwambie kocha," akaninong'oneza. "Baba yuko pale. Hajawahi kuniona nikicheza."

Nikamwona mzee, amesimama nyuma ya goli, kofia mkononi. Ukaja wewe, shati limelowa jasho. "Nyuma vipi?"

"Salama, kaka," nikakujibu.

Kipindi cha pili jua liliwamaliza mafowadi wetu. Walipoteza mpira, wakasimama mikono kiunoni, hakuna wa kumvamia mtu. Kilifi wakaliona hilo upesi. Wakaacha kupasiana, wakawa wanatupa mipira mirefu juu ya vichwa vya hao mafowadi. Manne kwa mawili. Manne kwa matatu. Nilikupigia kelele, "Rudisha hata mmoja!" Ukapunga mkono: mbele, mbele! Ungejua nililolijua mimi, ungerudisha watatu.

Ukaja mpira mwingine mrefu. Beki mwenzake alikwisha kupitwa; Kazungu alikuwa peke yake na watu watatu. Akageuka, na mguu ukavunjika. Niliusikia toka golini. Nilisimama tu na glavu zangu. Mpira ulioingia sikuutazama.

Babake aliingia uwanjani, akakwambia mbele ya watu wote, "Kocha, umemwacha mwanangu peke yake."

Ulinitazama mimi, nami nikainamisha kichwa. Nadhani ulidhani nalia.

Hukuzungumza mpira tena. Haikupita miezi mingi ukasafiri Maskati. Zikaja barua mbili, kisha kimya. Mama alipougua, kila mlango ukilia aliuliza, "Ni Swaleh?" Mwanzo nilimjibu. Mwisho nikawa nakaa tu, nimemshika mkono. Tulimzika mwezi wa Shaabani, na wewe sikupata pa kukuletea habari.

Ijumaa iliyopita nilishindwa kukaa na siri ile. Nikaenda Ganze. Kazungu alikuwa kizingitini akipukuchua mahindi, gongo lake kando. Nikamweleza babake yote: goti, ombi, na jibu nililokupa.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, baba," Kazungu akasema.

Mzee akaniuliza, "Nduguyo anajua?"

"Hajui, mzee."

"Miaka yote hii anaubeba mguu wa mwanangu, na hajui?"

"Hajui."

"Basi mbona umekuja kwangu?"

Nilikwenda Ganze, kaka, kwa sababu njia ya Ganze naijua.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Nduguyo mdogo,
Abdalla